Faili limegoma kucheza: kasha, kodeki na chipu ndani ya VLC

Flashi ni moja, filamu ni mbili, na zote zinaishia na .mkv. Ukiichomeka kwenye televisheni, ya kwanza inacheza vizuri. Ya pili inatoa picha bila sauti, na chini yanatokea maandishi kwamba aina ya sauti haikubaliki. Ukiirudisha flashi kwenye kompyuta yenye kichezaji cha VLC, zote mbili zinacheza. Hapo wengi huchukua programu ya kubadilisha video, huiacha kompyuta ichemke usiku kucha, na asubuhi wanapata filamu yenye sauti ila picha imefifia na faili limevimba kuliko mwanzo. Kazi yote hiyo ilikuwa ya bure. Picha haikuwa na kosa lolote. Ni sauti peke yake iliyotakiwa kuguswa, tena kwa dakika chache tu.

Chanzo cha hasara hii ni swali lenyewe kuulizwa vibaya. Tunauliza kama kichezaji "kinasapoti MKV" au "kinasapoti MP4", tukidhani herufi za mwisho wa jina ndizo zinazochezwa. Kichezaji kinafungua kasha, kinatoa mikondo iliyomo, kinakabidhi kila mkondo kwa kisimbuzi chake, yaani programu au chipu inayofumua data iliyobanwa, kisha kinapeleka matokeo kwenye skrini na spika. Kila hatua inaweza kugoma peke yake, na kila mgomo una dawa yake. VLC inafaa sana kujifunzia jambo hili kwa sababu ni programu huria: hatua zake ziko wazi, na inakuambia yenyewe imekwama wapi, mradi ujue pa kutazama.

Kasha na kilichomo

MP4, MKV, AVI, MOV, WebM, TS na OGG ni makasha. Kasha linashika mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, pengine manukuu, pamoja na ratiba inayosema fremu ipi ionyeshwe sekunde gani. Namna picha ilivyobanwa ni suala la kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufumua, na kasha moja linaweza kubeba kodeki nyingi. Ndani ya MKV unaweza kukuta H.264 na AAC, au HEVC na DTS, au AV1 na Opus. Jina la nje halibadiliki.

Ndiyo maana kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kwenda .mp4 hakubadilishi chochote. VLC husoma baiti za mwanzo za faili kutambua kasha halisi, kwa hiyo mara nyingi haijali umeliita nini. Televisheni na redio za gari hutazama jina kwanza, na faili lililoitwa kinyume na lilivyo hukataliwa bila hata kufunguliwa.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mfano ulio mikononi mwa kila mtu. Simu ya Android huuhifadhi kwa jina linaloishia na .opus. Opus ni kodeki iliyosanifishwa mwaka 2012, na kasha lililoishika ni Ogg. VLC inaufungua mara moja. Programu nyingine ya muziki ikiukataa, mara nyingi shida ni kwamba haijawahi kuambiwa .opus ni kitu gani, ingawa kisimbuzi cha Opus inacho.

Kwa nini kodeki zipo

Fremu moja ya 1920 kwa 1080, ikihifadhiwa kwa biti 8 na kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:0 (tutaueleza mbele), ni baiti 3,110,400. Kwa fremu 25 kila sekunde unapata karibu megabaiti 78 kwa sekunde, na filamu ya saa mbili inafika gigabaiti 560. Filamu hiyohiyo unaipokea kwenye flashi ikiwa na gigabaiti 1.5. Kodeki imeibana zaidi ya mara 370.

Inafanyaje hivyo? Haihifadhi kila fremu nzima. Fremu chache, ziitwazo I, zinajitegemea kama picha ya kawaida. Zilizobaki, P na B, zinaeleza tu kilichosogea ukilinganisha na fremu nyingine, na fremu ya B inaweza kuazima hata kutoka kwenye fremu itakayoonyeshwa baada yake. Hapa ndipo inapotoka ile picha ya kijivu au kijani yenye sura zinazoburuzika pale unaporusha filamu mbele, au pale kipande cha faili kilipoharibika: kisimbuzi kimepewa mabadiliko bila kupewa fremu ya I ya kuyajengea. Ikifika I inayofuata, picha inatakata yenyewe. Ukiona hali hiyo mara mojamoja mahali palepale, faili lina jeraha mahali hapo. Ukiiona mfululizo kwenye mafaili mengi tofauti, kishuku kisimbuzi, hasa chipu, tutakayoifikia.

Orodha ya kodeki za picha utakazokutana nazo si ndefu. MPEG-2 ndiyo ya DVD. MPEG-4 ya kizazi cha kwanza ndiyo ile ya DivX na Xvid, iliyojaa kwenye mafaili ya AVI ya zamani. H.264, iliyotoka 2003, ndiyo inayokubalika karibu kila mahali. HEVC, iitwayo pia H.265, ilikuja 2013, mwaka uleule wa VP9 ya Google. AV1 ilitoka 2018. Kila kizazi kinabana zaidi na kinadai nguvu zaidi ya kusimbua. Upande wa sauti kuna MP3, AAC, Vorbis, Opus na FLAC, kisha familia mbili za sinema: Dolby, yenye AC-3 na E-AC-3, na DTS. Za sinema ndizo zenye ugomvi mwingi.

Ndani ya VLC

VLC ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria ya GPL. Leo inasimamiwa na VideoLAN, chama kisicho cha biashara kilichosajiliwa hukohuko Ufaransa. Kiini chake ni kidogo. Kazi hufanywa na moduli zilizopangwa kama mnyororo. Moja inasoma faili au mtandao. Inayofuata inavunja kasha na kutenganisha mikondo. Kisha vinakuja visimbuzi (neno tulilolizoea kwa lile boksi la televisheni, na maana ni ileile), halafu vichujio, na mwisho moduli za kutoa picha na sauti.

Kila moduli ya kusimbua inajitangaza kwa alama ya kipaumbele. Mkondo wa AV1 ukifika, VLC inaanza na moduli yenye alama ya juu. Ikishindwa, inajaribu inayofuata. Zote zikishindwa ndipo unapoona ujumbe kwamba VLC imeshindwa kusimbua umbo fulani, na ndani ya alama za nukuu linatajwa jina fupi, mfano "hevc" au "h264". Jina hilo liandike mahali. Ndilo jibu la nusu ya tatizo lako.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya visimbuzi vya VLC haikuandikwa na VLC. Inatoka FFmpeg, mradi huria ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, kupitia maktaba yake iitwayo libavcodec. Vichezaji vya mpv na Kodi vinaitegemea maktaba hiyohiyo. Kwa AV1, VideoLAN wenyewe waliandika dav1d, kisimbuzi chepesi kilichotangazwa 2018, na ni kazi ya kusifiwa: kwa sababu yake simu na kompyuta zisizo na chipu ya AV1 zinaweza kucheza video hizo kwa nguvu ya prosesa tu.

Utegemezi huu unaeleza fumbo moja linalowachanganya hata mafundi. Watu wawili wana VLC ya namba ileile, mmoja kwenye Windows na mwingine kwenye Linux, na faili linacheza kwa mmoja tu. VLC ya Windows na ya Mac inakuja na nakala yake ya FFmpeg ndani. Ya Linux, ikiwekwa kutoka hazina ya programu ya mfumo, hutumia FFmpeg iliyoko kwenye mfumo huo, na hiyo inaweza kuwa ya zamani au imepunguzwa makusudi. Namba ya VLC peke yake haikuambii inasimbua nini.

Hapohapo kuna tahadhari. Kwa kuwa visimbuzi vimo ndani, hakuna kitu kinachoitwa kodeki ya kupakua kwa ajili ya VLC kwenye Windows. Tovuti inayokuambia video yako inahitaji kodeki ya VLC, bonyeza hapa, inakuuzia virusi. Yale mafurushi ya kodeki yaliyokuwa yakiwekwa kwenye Windows za zamani yalikuwa ya kusaidia vichezaji vinavyotumia visimbuzi vya mfumo. VLC kwa kawaida haivigusi. Faili likigoma kwa kukosa kisimbuzi, dawa ni kuweka toleo jipya la VLC kutoka videolan.org, basi.

Kodeki ileile, profaili tofauti

Kusema "ni H.264, itacheza" hakutoshi. Ndani ya H.264 kuna profaili: Baseline, Main, High, High 10, High 4:2:2. Kila moja inaruhusu mbinu zaidi za kubana. Kuna pia viwango, vinavyopima ukubwa wa picha na idadi ya fremu. Televisheni nyingi za zamani na deki za Blu-ray zinaishia kwenye High, kiwango cha 4.1. Kiwango hicho kinabeba 1920 kwa 1080 hadi fremu 30 kwa sekunde. Harusi iliyorekodiwa kwa ukubwa huohuo lakini kwa fremu 50 inadai 4.2, na televisheni inaweza kuikatalia au kuicheza kwa kukwamakwama, ingawa kwa macho ya mwenye faili ni "MP4 ya HD" kama nyingine zote.

Deki za DVD zilizokuwa na nembo ya DivX zilikuwa na ugonjwa wa aina hiyohiyo. Xvid iliyosimbwa kwa mbinu za Qpel au GMC ilivuruga picha kwenye deki, huku kompyuta ikiicheza bila taabu.

Kisha kuna biti na rangi. Video ya biti 8 ina ngazi 256 za kila rangi. Ya biti 10 ina 1,024. Mpangilio wa 4:2:0 unahifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi mara moja kwa kila pikseli nne. Ule wa 4:2:2 unahifadhi rangi mara mbili zaidi. Kamera nyingi mpya za wapiga video hurekodi 4:2:2 ya biti 10 kwa sababu inavumilia kusahihishwa rangi. Ni malighafi nzuri ya studio na zawadi mbaya kwa bwana harusi. Mpiga video anayemkabidhi mteja faili la namna hiyo kwenye flashi amempa kitu ambacho televisheni na simu nyingi haziwezi kukisimbua, na mteja ataamini flashi ni mbovu.

VLC haina shida na profaili hizi kwa sababu inasimbua kwa programu: ikibidi, prosesa inafanya hesabu yote. Swali linalobaki ni kama prosesa inatosha.

Chipu inapoingia kati

Kusimbua kwa prosesa kunakula umeme na kunachemsha mashine. Kwa hiyo ndani ya chipu za picha kuna eneo maalumu lililojengwa kwa kazi hiyo tu. Tangu VLC 3.0, iliyotoka Februari 2018, VLC inajaribu kulitumia bila kuambiwa. Kwenye Windows inapita D3D11VA au DXVA2, kwenye Linux VA-API au VDPAU, kwenye Mac VideoToolbox, kwenye Android MediaCodec. Eneo hilo limechongwa kiwandani. Halisasishwi kwa kupakua kitu. Chipu isiyojua HEVC leo haitaijua kesho.

Kwa anayenunua laptopu iliyotumika, Kariakoo au Luthuli Avenue, hili ni jambo la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Kwa prosesa za Intel za Core i3, i5 na i7, angalia tarakimu baada ya alama ya kistari. i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, i5-1135G7 ni cha 11. Kizazi cha 4 kinasimbua H.264 kwa chipu, HEVC hakiijui. Cha 6 kinaijua HEVC ya biti 8. HP EliteBook 840 G3 ziko hapo. Cha 7 kinaongeza HEVC ya biti 10 na VP9, na ndicho ningekiita mpaka wa chini kwa mtu anayetaka kutazama filamu za 4K za sasa. AV1 kwa chipu inaanzia kizazi cha 11. Kwa kadi za NVIDIA, AV1 inaanzia mfululizo wa RTX 30, na kwa AMD mfululizo wa RX 6000.

Dalili za prosesa kuzidiwa ni sauti kuendelea vizuri huku picha ikikwama na kuruka, na feni kuunguruma. Fungua Tools, kisha Codec Information, au bonyeza Ctrl na J, uende kwenye Statistics. Namba ya fremu zilizopotea ikipanda mfululizo, mashine imeshindwa mwendo. Hakuna mpangilio wa VLC utakaoigeuza laptopu ya kizazi cha 4 icheze HEVC ya 4K ya biti 10 kwa ulaini. Tafuta nakala ya 1080, au isimbe upya kwenye mashine yenye nguvu.

Dalili za chipu kukosea ni nyingine: skrini ya kijani, miraba ya rangi, picha iliyopinda, au VLC kujifunga ghafla, na mara nyingi hutokea baada ya kubadilisha Windows au dereva (programu inayoendesha kifaa) wa kadi ya picha. Nenda Tools, Preferences, sehemu ya Input / Codecs, na kwenye Hardware-accelerated decoding chagua Disable. Funga VLC, ifungue tena. Picha ikitulia, kosa ni la chipu au dereva wake, na faili lako ni zima. Sasisha dereva kisha rudisha Automatic, maana ukiacha Disable kila filamu itakula betri. Kwenye VLC ya Android mpangilio huu unaitwa Hardware acceleration, na unafanya kazi vilevile.

Ukitaka uhakika kama chipu inatumika, bonyeza Ctrl na M, weka verbosity iwe 2, cheza faili, kisha tafuta mstari wenye maneno "for hardware decoding". Ukiukosa, ni prosesa inayobeba mzigo. H.264 ya biti 10 ni mfano wa kawaida: chipu nyingi haziijui kabisa, VLC inarudi kwa prosesa kimyakimya, na kwa bahati nzuri prosesa ya wastani inaimudu ikiwa picha ni 1080.

Picha ipo, sauti hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mara linahusu DTS, AC-3 au E-AC-3. VLC inazisimbua zote. Televisheni na vichezaji vingine haviko huru hivyo, kwa sababu kuweka visimbuzi hivi kwenye bidhaa kunadai malipo ya leseni. Samsung iliacha DTS kwenye televisheni zake kuanzia zile za mwaka 2018. MX Player ya Android iliondoa baadhi ya kodeki hizi, watumiaji wakalazimika kutafuta faili la nyongeza na kuliweka wenyewe. Kwa hiyo televisheni mpya inaweza kushindwa na filamu ambayo ile ya zamani iliicheza. Hakuna kilichoharibika.

VLC yenyewe inaweza kunyamaza kwa sababu moja ya kujitakia. Kwenye mipangilio ya Audio kuna chaguo la kupitisha sauti moja kwa moja kwa HDMI au S/PDIF bila kuisimbua. Ukiliwasha, VLC inaipeleka DTS kama ilivyo, ikitegemea kifaa cha upande wa pili kiisimbue. Kikiwa televisheni isiyojua DTS, unapata ukimya. Lizime, VLC isimbue yenyewe.

Kuna pia sauti ya PCM, isiyobanwa kabisa, ambayo baadhi ya kamera za Sony huiweka ndani ya MP4 kwa mfumo wao wa XAVC S. Baadhi ya simu huonyesha picha ya faili hilo bila sauti. Ukiibadilisha sauti kuwa AAC, tatizo linaisha.

Na lile la mazungumzo kusikika kwa mbali huku milio ya risasi ikipasua masikio? Hilo si kosa la kodeki. Filamu ina sauti ya spika sita na wewe una mbili. Maneno yalitengewa spika ya katikati. Kwenye VLC fungua Tools, Effects and Filters, halafu Compressor, uiwashe.

Hataza na leseni

Hapa mambo mawili hufungwa fundo moja. Leseni ya programu huria inakupa haki ya kusoma, kubadilisha na kusambaza msimbo wa VLC. Hataza ni jambo jingine: ni haki ya mvumbuzi juu ya mbinu yenyewe, hata ukiiandika upya kwa mkono wako. Msimbo wa kisimbuzi cha HEVC unaweza kuwa huria kabisa, na bado mbinu ya HEVC ikawa chini ya hataza za makampuni kadhaa, yaliyogawanyika katika makundi zaidi ya moja ya kukusanya malipo. Vurugu hiyo ilichangia makampuni mengine kuungana mwaka 2015 kuunda Alliance for Open Media, waliotoa AV1 bila tozo.

VideoLAN ipo Ufaransa, na inasambaza visimbuzi vyote ikieleza kwamba sheria za huko hazitambui hataza za programu. Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, inafadhiliwa na kampuni ya Marekani na haiwezi kufanya hivyo. FFmpeg yake, iitwayo ffmpeg-free, imepunguzwa. Mtu anaweka Fedora, anaweka VLC, anafungua video ya simu yake na kuambiwa "h264" haisimbuliki. Dawa ni kuwasha hazina ya RPM Fusion kisha kuandika:

sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing

Mwenye kadi ya AMD huongeza kubadilisha mesa-va-drivers kwa mesa-va-drivers-freeworld, la sivyo H.264 na HEVC zitabaki kwa prosesa. Kwenye Ubuntu na Debian, VLC ya apt huja imekamilika.

Hataza huisha muda. Utoaji wa leseni za MP3 ulifungwa Aprili 2017, na tangu hapo mifumo ya Linux iliyokuwa ikiikwepa inaiweka bila hofu.

Faili lililofungwa kwa ufunguo ni hadithi tofauti. Filamu iliyopakuliwa ndani ya programu ya kulipia imesimbwa kwa siri, na VLC haitaifungua hata kama kodeki yake ni H.264 ya kawaida. Usitafute kodeki hapo.

Kupima kabla ya kukata

Amri moja ya ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg, inatosha:

ffprobe -hide_banner filamu.mkv

Tuseme inajibu hivi:

Stream #0:0: Video: hevc (Main 10), yuv420p10le, 3840x2160, 23.98 fps
Stream #0:1(eng): Audio: dts (DTS-HD MA), 48000 Hz, 5.1(side)

Soma polepole. Kodeki ya picha ni HEVC, profaili Main 10, yaani biti 10. Rangi ni 4:2:0. Ukubwa ni 4K. Sauti ni DTS-HD ya 5.1, yaani ya spika sita. Televisheni ya 4K ya miaka ya karibuni itaimudu picha hii na kushindwa na sauti. Basi unagusa sauti tu:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 448k filamu-tv.mkv

Neno copy linahamisha picha na manukuu bila kuyasimbua, kwa hiyo ubora haupungui hata chembe na mwendo unategemea zaidi diski. AC-3 inakubalika kwenye televisheni nyingi sana. Ikikataliwa, weka -c:a aac -b:a 192k -ac 2 mahali pake.

Ikiwa kodeki zote zinakubalika na kasha ndilo linalokataliwa, mfano MKV kwenye iPhone, unahamisha kasha tu:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -sn -movflags +faststart harusi.mp4

Hiyo -sn inaacha manukuu. Bila hiyo amri inaweza kukatika ikilalamika kwamba haina alama ya subrip, kwa kuwa MP4 haipokei manukuu ya SRT yalivyo. Ukiyahitaji, weka -c:s mov_text. Na kama picha ni HEVC, ongeza -tag:v hvc1. Vifaa vya Apple huikataa HEVC iliyowekwa alama ya hev1 ingawa kilichomo ndani ni kilekile.

Kusimba upya picha ni hatua ya mwisho, pale profaili yenyewe inapokataliwa, kama ile 4:2:2 ya mpiga video:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:-2 -r 25 -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -preset slow -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi-tv.mp4

Kinachosahaulika zaidi ni -pix_fmt yuv420p. Ukiiacha, libx264, kinachotengeneza H.264, hufuata rangi za chanzo na kutoa H.264 ya biti 10 au 4:2:2 isiyochezwa popote. Mstari huu wenye profaili ya High ungekatika kwa kosa, na hiyo ni afadhali. CRF ni kipimo cha ubora: namba ndogo ni ubora zaidi, na kushuka kwa 6 hukaribia kulifanya faili liwe kubwa mara mbili. Kati ya 18 na 23 panatosha. Ukiona smpte2084 au arib-std-b67 kwenye ffprobe, chanzo ni HDR, yaani video ya mwangaza wa masafa mapana, na amri hii itatoa rangi zilizopauka. Inahitajika hatua ya kubadilisha mwangaza kwanza. Na ukinakili kwenye flashi ya FAT32, kumbuka haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, kodeki iwe yoyote.

Faili lisilo na kichwa

Kuna mgomo mmoja unaofanana na wa kodeki lakini chanzo chake ni kingine. Simu imezimika katikati ya kurekodi, au upakuaji wa MP4 umekatika kwenye asilimia 90. VLC inataja umbo "undf" au haisemi kitu, na ffprobe inasema "moov atom not found". Moov ni ile ratiba ya MP4 inayosema fremu zipo wapi. Kamera huiandika mwisho, kurekodi kunapokamilika. Ikikosekana, data zote za picha zipo na hakuna anayejua zinaanzia wapi. MKV na TS hazina udhaifu huu, hucheza hadi zilipokatika. Ndiyo maana OBS, programu ya kurekodi skrini, kwa miaka mingi ilipendelea kurekodi kwa MKV kwanza.

Kwa upakuaji uliokatika, pakua upya. Kwa rekodi isiyorudiwa, ipo programu huria iitwayo untrunc. Unaipa faili zima lililorekodiwa kwa simu ileile, kwa ukubwa na fremu zilezile, na faili lililovunjika. Inajifunza mpangilio kutoka kwa zima na kuijenga ratiba upya. Hivyo kabla ya kufanya lolote, rekodi kwa simu hiyo kipande cha dakika moja au mbili bila kubadilisha mipangilio ya kamera, na usisasishe mfumo wa simu hadi ukipate.